Hulugho, Mji Unaosimama kwa Ng'ombe

Kutoka Garissa gari linafuata upande wa mashariki wa Tana, linapita Bura na Masalani, halafu linaupa mto kisogo na kuikata nyika ya Ijara na Sangailu kuelekea mpaka wa Somalia. Nilikuwa nimebanwa mbele ya Land Cruiser, katikati ya dereva na mama mmoja aliyepakata katoni ya majani ya chai. Nyuma kulikuwa na magunia ya sukari na mchele, na vijana wameketi juu yake. Penye vizuizi vya polisi tulishuka na vitambulisho mkononi. Tangu operesheni ya Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab ilipoanza Septemba 2015 katika msitu wa Boni ulio kusini, safari za huku zimekuwa hivyo.

Nilipofika Hulugho, swali la kwanza la wazee dukani lilikuwa: "Kenya kuna mvua?" Nikajibu ipo. Hakuna aliyecheka, wala haukuwa utani, ingawa Hulugho yenyewe iko Kenya. Kuanzia 1926 hadi uhuru eneo lote hili la Kaskazini lilifungwa. Kuingia na kutoka kulikuwa kwa kibali. Vikaja vita vya Shifta, uasi wa kutaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Mtu wa miaka 60 hapa aliishi karibu nusu ya umri wake akihesabiwa kama mshukiwa katika nchi yake. Mpaka wenyewe ni wa juzi: Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza mpaka 1925 walipowakabidhi Waitalia, na malisho ya ukoo mmoja yakajikuta katika nchi mbili.

Asubuhi nilikwenda kwenye silanga, bwawa la maji ya mvua, maana mji uko huko. Ng'ombe walikuja kwa makundi, na kila kundi lilisimama mbali likingoja la mbele limalize. Hakukuwa na askari wala foleni iliyochorwa. Kijana mmoja mwenye fimbo aliinua mkono tu, kundi likasogea. Kina mama walijaza madumu ya manjano upande wa juu, kabla maji hayajatibuliwa na kwato. Njiani kurudi tulipita dugsi, watoto wakisoma Kur'ani kwa sauti, kila mmoja na ubao wake ulioandikwa kwa wino wa mkaa. Maziwa yalikuwa yameshafika sokoni. Nilikunywa chai yake kwa anjera, na sijui kama nitaisifu tena ya Nairobi.

Mzee mwenyeji wangu alinieleza mwenendo wa mwaka. Kiangazi kikikaza, mifugo huteremshwa upande wa msitu wa Boni, kwenye majani. Mvua ikinyesha mbung'o huzidi, nao hurudishwa nyikani upesi. Kalenda hiyo imewalisha watu muda mrefu kuliko mradi wowote niliousoma.

Kilichomnyamazisha kidogo ni mafuriko ya mwishoni mwa 2006. Mbu walijaa, ng'ombe wakaanza kuharibu mimba, wengine wakitoka damu puani. Wachungaji waliujua ugonjwa kwa dalili kabla maabara haijathibitisha homa ya Bonde la Ufa. Watu walikufa pia. Biashara ya mifugo ikapigwa marufuku na soko la Garissa likafungwa, kwa hiyo hata aliyebakiwa na ng'ombe wazima hakuwa na pa kuwauza.

Ugonjwa huo hufuata mvua kubwa, na mvua kubwa hugeuza udongo mweusi wa Ijara kuwa tope linalomeza lori. Chanjo inayosubiri mlipuko haifiki. Basi ombi langu kwa serikali ya kaunti na wizara ni moja: pelekeni chanjo Hulugho wakati wa kiangazi, barabara ikiwa bado inapitika.