Kemal Anampenda Nihan au Anamkomoa? Muulize Jamaa wa Mbagala

Kuna jamaa mmoja wa bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu kaimaliza Kara Sevda yote, vipande 74, anawekewa kwenye flashi kidogokidogo. Kijiweni wanamcheka, eti mwanaume mzima analilia tamthilia za Kituruki. Hawajui kilichomshika.

Kwa ambaye hajaiona: Kemal ni mtoto wa kinyozi, anasomea uhandisi wa migodi Istanbul. Anakutana na Nihan, binti wa kishua, ndani ya basi. Wanapendana balaa. Ghafla Nihan anamwambia basi tena, anaolewa na Emir mwenye pesa zake. Kemal anakimbilia machimbo ya makaa ya mawe kule Zonguldak, na baada ya miaka 5 anarudi na suti na pesa. Mwaka 2017 tamthilia hii ilibeba tuzo ya Emmy ya kimataifa, ya kwanza kwa Waturuki.

Sasa wadau wengi wanasema Kemal karudi kulipa kisasi. Hapana bwana. Anayekuchukia kweli anakusahau, hahangaiki miaka 5 kutafuta pesa ili uje uzione. Kemal akimwona Nihan anamtupia maneno makali, lakini Nihan akipata shida, wa kwanza kufika ni yeye. Mdomo unafukuza, miguu inafuata.

Jamaa wa Mbagala anaijua hiyo. Alikuwa na binti wake tangu Fomu Foo, na mahari alishaanza kuidunduliza. Binti akaolewa na mfanyabiashara wa Kariakoo, akahamia Tegeta. Jamaa akambloku kila mahali, picha akafuta, kijiweni akatangaza kwamba huyo kwake amekufa.

Ila mama wa binti ana kisukari, kliniki yake iko Hospitali ya Temeke. Siku ya kliniki, saa kumi na mbili asubuhi, jamaa yuko mlangoni. "Shikamoo mama." Nauli hachukui. "Tutahesabiana siku nyingine," anasema, na hiyo siku nyingine haijawahi kufika. Yeye anayesifika kwa mwendo mkali, hapo anaendesha kama kabeba mayai. Ukimuuliza anajibu bimkubwa hana kosa. Sawa, lakini Mbagala ina wagonjwa wangapi wa sukari, mbona hao wanalipa?

Kwenye tamthilia, Kemal anakuja kugundua Nihan hakufuata pesa. Ndugu yake, Ozan, alikuwa kaingia kwenye msala wa kesi ya mauaji, na Emir ndiye aliyeushikilia ushahidi. Ungetegemea hasira iishe. Wapi! Inahama tu. Mwanzo ilikuwa "kwa nini uliniacha", sasa inakuwa "kwa nini hukuniambia". Na hii ya pili inauma zaidi, kwa sababu maana yake alikupima akaona huna msaada. Mtoto wa kinyozi angefanya nini mbele ya Emir? Ukweli mchungu ni kwamba kwa wakati ule asingefanya kitu, na Kemal mwenyewe analijua hilo.

Hiyo sehemu jamaa kairudia mara tatu. Wiki chache kabla, wakiwa kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ally, bimkubwa alimsemesha kutoka nyuma: "Mwanangu, ile nyumba ilikuwa inapigwa mnada. Deni la baba yake. Yule mwanaume ndiye aliyelipa." Jamaa hakujibu. Magari yakasogea, naye akasogea. Alipomshusha pale hospitali, akamwambia dawa asizisahau, akaondoka.

Binti sasa karudi kwao na mtoto, ndoa imemshinda. Kamtuma mama yake, "mwambie ahsante ya kliniki." Namba yake bado imeblokiwa. Kijiweni wanamshauri jamaa aachane nayo, maana walioiona Kara Sevda wote wanajua Kemal aliishia wapi, kaburini.

Kliniki ijayo ni Alhamisi. Bimkubwa kasema miguu inamsumbua, safari hii atasindikizwa na binti yake. Jamaa kaitikia, ila kasema mshikaki habebi, trafiki wanasumbua. Jana jioni kaonekana Zakhem anaongea na mshikaji wake mmoja, anaazima bajaji.