Chini ya Yai Moja kwa Siku

Mzee aliyenifunza kazi ya kutibu mbwa alifariki mwaka jana. Matangani nikamsikia kijana mmoja wa duka la dawa za mifugo akiwaambia wenzake kwamba siku hizi mbwa mdogo aliyekonda hamalizi wiki mbili kabla ya kunenepa: sindano ya hamu ya kula, makopo mawili ya chakula kila siku, basi. Sikubishana mbele ya wafiwa. Lakini neno lile limenikaa kooni tangu siku hiyo, na kwa kuwa nimestaafu na nafasi ninayo, nimeshika kalamu.

Nilizaliwa Majaoni, mtoto wa mfuga mbuzi, na nyumbani kwetu mbwa hakuwapo. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Baba aliposikia nimeajiriwa Shanzu kwa daktari anayetibu mbwa wa Wazungu wa ufuoni, alinyamaza kutwa nzima. Jioni akanikumbusha hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamghufiria. Akanitengea ndoo na kopo la udongo uani, na hakuliuliza tena jambo hilo. Cheti nilikwenda kukisomea baadaye, chuo cha mifugo cha AHITI Kabete. Mikono yangu lakini ilisomea Shanzu.

Huko Shanzu mzee aliyenifunza alikuwa na amri moja iliyotangulia zote: usiyaamini macho kwa mbwa mwenye manyoya. Vijibwa vya ufuoni vingi ni vya manyoya marefu, Maltese, Japanese Spitz, Yorkshire Terrier, na manyoya yanaficha njaa kwa miezi. Kwa hiyo mkono kwanza. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikisikika hivyo, mbwa amekonda. Nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja pale mifupa inapokwenda kwenye vidole: huyo yuko sawa. Geuza kiganja, upapase upande wa ndani: huyo amezidi. Madaktari wana kipimo cha alama 1 hadi 9, na 4 au 5 ndiyo afya, lakini hata hicho kinaanzia kwenye vidole hivi hivi.

Akishamaliza mbavu alikuwa hajafika kwenye chakula. Alifungua mdomo. Taya la mbwa mdogo ni jembamba, meno yanabanana, ya utotoni mengine hayang'oki, uchafu unagandamana mpaka ufizi unaoza. Mnyama wa namna hiyo ataisogelea sahani, atanusa, ataondoka, na mwenyewe atasema anachagua chakula. Kisha rangi ya ufizi. Ukiwa mweupe, mtafute kupe masikioni na katikati ya vidole, kwa maana joto la pwani halimpi kupe likizo mwezi wowote, na homa anazozileta hunyonya mwili pole pole. Kisha choo, chini ya hadubini, kutafuta mayai ya minyoo. Nimeona watu wakimlisha mbwa nyama ya ng'ombe kila siku huku minyoo ya ndoano ikimnyonya damu. Chakula kile walikuwa wanailisha minyoo.

Mwaka ulionifanya niwe mtu wa kazi hii ni 1997. Ghasia za Likoni zilizuka Agosti, watalii wakaondoka, hoteli nyingi za pwani zikafunga milango, na kabla mwaka haujaisha mvua za El Niño zikatukuta hivyo hivyo. Baadhi ya Wazungu waliokuwa na nyumba za ufuoni walirudi kwao wakawaachia walinzi funguo na mbwa. Mlinzi ambaye mshahara umekatika atampa mbwa nini? Alimpa ukoko wa ugali aliokuwa anaula yeye na wanawe, na siku nyingine hata huo haukuwapo. Siwalaumu hata chembe. Mmoja alikuja kwa miguu kutoka Kikambala, kijibwa kimefungwa kwenye leso ya mkewe, mvua imewanyeshea wote wawili.

Tukakiweka kwenye mizani: kilo tatu, wakati umbo lake lilikuwa la mbwa wa kilo tano. Mama aliyetupikia pale alikuja na sahani ya wali wa nazi na mchuzi wa nyama, kwa huruma tupu. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akampa mlinzi ale. Mimi nikabaki nimeduwaa.

"Ukimpa huyu sahani ile, kijana," akaniambia, "kesho kutwa utamzika."

Akanieleza. Mwili ulioshinda njaa muda mrefu umeishiwa akiba ya madini. Wanga ukiingia kwa wingi ghafla, insulini inapanda na kuyasukuma madini yaliyobaki, fosforasi na potasiamu hasa, kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu inabaki tupu, na moyo na pumzi hushindwa siku chache baadaye, wakati kila mtu anafurahi kwamba mgonjwa sasa anakula. Mambo hayo yaliwapata watu pia, wafungwa wa Vita vya Pili waliokombolewa mwaka 1945 na kulishwa kwa wema.

Kisha akapiga hesabu kwenye bahasha. Mbwa wa kilo tatu aliyetulia anahitaji kama kalori 160 kwa siku ili aishi tu. Siku ya kwanza akampa theluthi moja, kalori hamsini na kitu. Yai moja la kuku lina kama sabini! Kwa hiyo chakula cha kutwa nzima kilikuwa chini ya yai moja, kimegawanywa mara sita, kipande cha yai la kuchemsha kimepondwa pamoja na kuku asiye na ngozi wala mfupa. Mlinzi alimtazama kama anayemtazama bahili. Siku zilizofuata tukapandisha kidogo kidogo, hadi siku ya nne ikafika hesabu kamili, na baada ya hapo, choo kikiwa kizuri, tukaivuka. Dawa ya minyoo ilingoja mpaka apate nguvu. Kila Jumatatu mizani, kabla hajala. Alirudi kilo tano baada ya miezi, na miezi ndiyo muda wake halali.

Sasa ugomvi. Kulikuwa na mwenzetu mmoja wa kazi, jina lake nalihifadhi, aliyewaambia wateja wetu kwamba sisi tunawanyima mbwa chakula. Dawa yake ilikuwa tui zito la nazi na kijiko cha samli kila mlo. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mafuta yana kalori zaidi ya maradufu ya wanga au protini, na nazi Shanzu haikosekani hata kwa maskini. Lakini mafuta ya ghafla huliwasha kongosho, na vijibwa ndio wanaoumwa upesi. Mbwa anatapika, anakunja mgongo kama anayesujudu, tumbo haligusiki. Wawili wa kwake waliishia mezani kwetu katika hali hiyo. Mafuta yana wakati wake, kijiko cha chai, mbwa akishakula vizuri kwa majuma. Yeye alitaka yaanze siku ya kwanza, na juu ya hilo hatujapatana hadi leo.

Kwa asiyeweza kununua kuku, dagaa wanatosha sana, waroweke usiku kucha na kumwaga maji ili chumvi itoke, kisha wachemshe na wali laini na malenge. Kitunguu usitie. Mifupa iliyopikwa usimpe. Na unga wa mahindi uutazame kwanza. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sumu ya ukungu wa nafaka, na mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi ambayo mama amekataa kuwapikia watoto mnampelekea mbwa, halafu mnashangaa ini lake limekufa na macho yamekuwa manjano.

Nyinyi vijana mnaouza vijibwa vya wiki sita kwa simu, na hili pia mlisikie: mtoto wa mbwa mwenye kilo moja hana akiba ya kulala njaa. Akikosa milo miwili sukari inashuka, anayumba, anatetemeka, anazimia. Mpakeni asali kwenye ufizi, msimmiminie kooni akapaliwa, kisha mkimbizeni kwa daktari. Milo minne kwa siku, siyo mmoja mkubwa wa jioni baba akirudi kazini.

Na wewe wa matangani. Sheria ya madaktari wa mifugo ya 2011 imeweka wazi nani anaruhusiwa kushika sindano, na muuza duka asiyesajiliwa hayumo. Najua pia sindano unayoisema, maana nimewapokea mbwa waliodungwa. Ni ya jamii ya kotisoni. Mbwa hula kweli, tena kwa pupa, mwenyewe anafurahi na kukuletea wateja wengine. Lakini mshike. Tumbo limeshuka kama la mwenye mimba, na mapaja yamekonda kuliko siku alipokuja, kwa sababu dawa ile inayeyusha misuli. Picha zako unazowaonyesha watu zote zimepigwa kwa ubavuni. Nipigie moja kwa juu, mbwa amesimama, manyoya yamelowa maji, uti wa mgongo unaonekana, ndipo tuongee.