Kunyoosha Shingo

Ufundi wa kunyoosha uti wa mgongo ulianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895. Wengi wamepata nafuu kwa ufundi huo, sibishi. Walakini mimi, mtu wa lugha, neno "kunyoosha" hunitia shaka, maana husifu tendo kabla halijatendwa. Maumivu ya siku moja au mbili baadaye si ajabu. La kuogopwa ni mshipa wa damu wa shingoni kuchanika: ni nadra, lakini huweza kuleta kiharusi, pengine baada ya siku kadhaa. Kizunguzungu cha ghafula, ulimi mzito, ganzi ya uso au mkono si mambo ya kungojea asubuhi; yataka hospitali. Mgonjwa astahili kuambiwa haya kabla shingo yake haijashikwa. Ridhaa ya asiyejua si ridhaa.