Usingizi Usiozidi

Kazi yangu ni kulaza watu kwa dawa ya usingizi, na mazoea yake yananiambia kwamba usingizi ukizidi kidogo haudhuru. Tiba ya umeme kwa wagonjwa wa sonona kali ndiyo inayonitia shaka, kwa kuwa pale degedege linaloletwa na umeme ndilo linalotibu, na dawa iliyo mkononi mwangu ndiyo inayolizima.

Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoianza Roma mwaka 1938, hawakutumia usingizi. Zama hizo misuli ilijikaza hadi wengine wakavunjika mifupa, na hofu ya watu bado imebaki huko. Ndugu wa mgonjwa wakiniuliza kama ataumia, naona wana haki.

Leo, akishasinzia, tunamfunga mkanda wa presha juu ya kifundo cha mguu na kuujaza upepo, ndipo tunampa saksamethoniamu ya kulegeza misuli. Dawa haifiki kwenye unyayo ule. Umeme ukipita, mwili mzima umetulia, ila vidole vya mguu mmoja vinakunjika na kukunjuka, nami nahesabu sekunde za degedege.

Propofoli naipenda: mgonjwa huamka mwepesi, bila kichefuchefu, lakini hulifupisha degedege. Etomideti hulirefusha, ila huuma mshipani na kuzizuia kwa muda tezi za juu ya figo. Ketamini hailizimi sana. Hupandisha presha, na wapo wanaoamka na maruweruwe. Nilitumaini ingelinda kumbukumbu pia, hadi utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017, ulioiongeza juu ya dawa za kawaida, ulipokosa kuona faida hiyo. Tumaini lile sikuliacha kwa urahisi.

Basi nipunguze dozi ya usingizi? Hapo ndipo mkono husita. Nikipunguza mno, mtu anaweza kuwa macho ilhali amelegea, hawezi kusema wala kuinua kidole. Huwa naanza na lililo jepesi, kumpumulisha kwa oksijeni haraka haraka kabla ya umeme, maana hilo hulirefusha degedege bila kugusa dawa.

Halitoshi kila mara. Tiba ikiendelea, ubongo huzidi kuwa mgumu kuingia degedege. Daktari wa akili hutaka kuongeza umeme. Mimi namwomba nipunguze propofoli kwanza, kwa sababu umeme mwingi huila kumbukumbu. Yeye hunikumbusha kwamba mgonjwa hajala kwa siku kadhaa na hana muda wa majaribio yangu. Wapo wagonjwa ambao kwao, nikifikiri baadaye, naona ndiye aliyekuwa sahihi.