Mume Anaposhinda Nyumbani



Bibi harusi wa mwaka huu, pengine mwaka 2020 ulikuwa bado skuli, na korona unaikumbuka kama likizo ndefu. Sisi tuliokuwa wapya katika ndoa tunaikumbuka kwa jambo jingine. Ndiyo mara ya kwanza tuliposhinda na waume zetu kutwa nzima, siku baada ya siku, bila ya mtu kujua itakwisha lini.

Mimi ni mtoto wa Unguja, lakini ndoa ilinipeleka Mitundu, huko Itigi mkoani Singida. Mume wangu ni mtu wa Tabora, mwalimu wa skuli ya msingi. Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi kidogo. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kuwa Tanzania imepata mgonjwa wa kwanza, na kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa skuli. Zikaambiwa siku 30. Skuli za msingi zilikuja kufunguliwa tarehe 29 Juni. Hesabu mwenyewe: siku 104 mwalimu yuko nyumbani.

Somo hakunifunda hili

Somo yangu alinifunda vizuri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alinifundisha kufukiza udi, kumpokea mume kwa uso mkunjufu, kumpa maji kabla ya maneno, na kutomletea mashtaka ya nyumba akiwa bado mlangoni. Nilipokaa nikayafikiri yale mafunzo, nikaona karibu yote yanategemea jambo moja: mume atoke asubuhi, arudi jioni. Sasa mume asiyetoka unampokeaje? Ule udi utaufukiza saa ngapi?

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Tulikunywa chai pamoja, tukasoma juzuu pamoja, akanifundisha kula mlenda na michembe bila kukunja uso. Wiki ya tatu alikuwa ameanza kuhesabu vijiko vya sukari. Kila nikipita uani nakutana na swali. Kwa nini mkaa unakwisha haraka? Kwa nini unachota maji mara mbili? Wala hakuwa na nia mbaya. Mtu aliyezoea kusimamia watoto sitini darasani, ukimpa nyumba yenye mtu mmoja, atamsimamia huyo huyo mmoja.

Jioni moja nikamwambia, "Mwalimu, naomba ukishaswali Alasiri uwe unatembea mpaka karibu na Magharibi. Nenda shamba, nenda kwa wazee barazani, ila mkae mbalimbali." Akaniuliza kama namfukuza. Nikamwambia, "Sikufukuzi, mume wangu. Nataka nipate nafasi ya kukungojea." Alicheka sana, lakini alikwenda. Kuanzia siku hiyo nikapata saa yangu moja na nusu ya peke yangu, na yeye akapata mlango wa kurudia. Udi ukarudi kazini.

Pesa yangu na pesa yake

Hili ndilo lililotutikisa kweli.

Kabla ya korona nilikuwa nakaanga vitumbua na maandazi, nawauzia watoto na walimu wakati wa mapumziko. Siku nzuri napata faida ya shilingi 3,000 hadi 4,000. Kila mwezi nilimtumia mama yangu Unguja shilingi 30,000 kwa simu, na inayobaki inaingia kwenye kibubu. Skuli ilipofungwa, wateja wangu wote waliondoka siku moja. Mshahara wa mume wangu uliendelea kuingia, lakini ndugu zake wawili Tabora biashara zao zilidorora, na kila wiki simu inalia.

Katikati ya Aprili aliniambia, "Mke wangu, vunja kile kibubu tununue mahindi. Cha mama yako kisimame kwanza."

Dada zangu, moyo ulinidunda. Ndani ya kibubu mlikuwa na shilingi 140,000, na kila noti nilikuwa naijua ilivyopatikana. Sikupiga kelele wala sikununa. Nilimwomba anipe siku mbili. Usiku wa pili, tulipokwisha swali Isha, nikamwambia maneno matatu ambayo nilikuwa nimeyapanga.

La kwanza, dini imeweka chakula, mavazi na makazi ya mke juu ya mume. Hilo liko wazi katika Qur'ani. Mali ya mke ni ya mke, ikiwa ni mahari yake au chumo lake. La pili, sikatai kusaidia. Bibi Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akauliza kama inafaa kumsaidia mumewe. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamjulisha kuwa ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Kwa hiyo nikitoa, ni sadaka yangu kwako, si haki yako kwangu. La tatu, mama yangu hana mtoto mwengine wa kumtumia.

Akanyamaza kwa muda. Halafu akasimama, akaleta daftari la maandalio ya somo, akafungua ukurasa wa nyuma. Tukaandika: mshahara, makato ya mkopo wa benki, kodi ya chumba, chakula, ndugu wa Tabora, mama wa Unguja. Yeye mwenyewe alishangaa alipoona kuwa vocha za intaneti na zile "naomba elfu tano kaka" zilikuwa zinazidi chakula chetu cha wiki mbili. Tukakubaliana ndugu zake wapate kiwango kimoja kwa mwezi, si kila simu inapolia. Mahindi alinunua yeye. Mimi nikatoa shilingi 50,000 kwa hiari yangu, akaiandika kwa mkono wake: "sadaka ya mke wangu." Na mwezi wa Mei, kitumbua hata kimoja sijauza, mama yangu alipata 30,000 zake kutoka kwenye simu ya mkwewe. Mama alinipigia akilia.

Ramadhani bila nazi

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Mama alitamani niende Unguja tufunge pamoja. Tulikaa tukakumbushana mafundisho ya Mtume kuhusu tauni: ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Safari yenyewe ni Mitundu hadi Itigi, Itigi hadi Dar es Salaam, halafu bahari. Sikutaka kumbebea mama yangu maradhi pamoja na zawadi. Nikabaki.

Futari ya Mitundu si ya Darajani. Nazi ilikuwa adimu, basi nilipika viazi vitamu, maboga na kisamvu kwa karanga za kusaga, na asali ya msituni badala ya sukari kwenye uji. Mlangoni tuliweka kibuyu chirizi: dumu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni ikining'inia pembeni. Kila aliyeingia alinawa, hata imamu.

Wiki ya pili ya mfungo mume wangu alianza kukohoa na kuchemka mwili. Kituo cha afya walimpima malaria, hawakuiona. Wakati huo takwimu za wagonjwa Bara zilikuwa zimekwisha kuacha kutangazwa, kila mtu anasema lake, na kila ua unanuka nyungu. Nilimtenga chumba, sahani yake na kikombe chake peke yake, barakoa nikashona kwa kanga. Alitaka kuendelea kufunga. Nikamwambia mgonjwa ameruhusiwa na aliyemuumba, siku atazilipa akipona. Akafungua. Kwa siku tisa nilimwekea uji mlangoni, tukaswali yeye ndani, mimi ukumbini. Usiku nilikuwa naamka kusikiliza kama bado anakohoa, kwa sababu kukohoa kulinijulisha kuwa yuko hai.

Alhamdulillah, alipona. Na katika siku zile alisikia nyumba inavyokwenda bila ya yeye kuisimamia: madumu sita ya maji kwa siku, kuni, moto, ufagio. Alipopata nguvu alichukua baiskeli na madumu bila ya kuambiwa. Wenzake wakamtania. Akawajibu kuwa Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema akiwatumikia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Tangu hapo maji ni kazi yake, mpaka leo.

Kwako bibi harusi

Usisubiri maradhi yaje ndipo mkae kuzungumza. Kabla ya nikaha, muulizane nani anategemea mfuko wa nani, na kiasi gani. Baada ya nikaha, muwe na daftari moja mnaloliona wote wawili. Chumo lako lijue, lihifadhi, na ukilitoa litoe kwa nia ili upate thawabu zako. Na mume akiwa nyumbani siku nyingi, kwa ugonjwa, kwa kustaafu au kwa kukosa kazi, mtengenezee mlango wa kutokea na wa kurudia. Heshima inahitaji nafasi ya kupumua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika maradhi yale, awape subira wajane waliobaki na vyumba vitupu, na azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.