Kabla ya Kuchimba Kisima cha Pili

Hoja moja imetugawa sana mwaka huu sisi wanachama wa hapa Birmingham. Kisima kimoja tulikwisha kichimba kule Handeni, kwa fedha za sahani za pilau, za minada ya vitenge na za mifuko yetu wenyewe. Sasa fedha za cha pili zimetimia. Baadhi yetu, hasa sisi tuliosomea uhandisi ughaibuni na ambao mvi zimekwisha kutuingia, tumependekeza sehemu ya fedha hizo itangulie kumlipa mtu apite nyumba kwa nyumba akiuliza: kwa siku mnateka ndoo ngapi, nani anakwenda, anasubiri muda gani, na pampu ikiharibika mnafanyaje?

Wazee wetu hawakulipenda hilo. Watu wana kiu, walisema, nanyi mnataka kuwapelekea karatasi! Na hapa lazima tuseme kweli, neno lao lina uzito. Vijijini kwetu watu wamehojiwa mpaka wamechoka. Anakuja mgeni na gari, anaandika, anashukuru, anaondoka. Kitabu kinatoka ng'ambo, kwa lugha ambayo aliyejibu haisomi. Kama utafiti wa maendeleo ungekuwa huo tu, nasi tungekaa upande wa wazee.

Lakini upo utafiti mmoja ambao tungependa kila mwanachama aujue. Kati ya mwaka 1966 na 1968, mwanajiografia Gilbert White wa Chuo Kikuu cha Chicago, mkewe Anne White, na daktari David Bradley aliyekuwa Makerere, waliongoza kazi ya kupima maji yanayotumika majumbani katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Walifika Iganga, Mulago, Dodoma, na Dar es Salaam kwenyewe. Kitabu chao, Drawers of Water, yaani wateka maji, kilitoka mwaka 1972.

Sisi wahandisi tulifundishwa kwamba kazi yetu ni kuyasafisha maji na kuyafikisha. Kitabu hiki kilionyesha jambo ambalo mama yeyote wa Handeni angetuambia kama tungemuuliza. Maradhi mengi, kama upele, trakoma na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto, hayaletwi na uchafu wa maji ya kunywa peke yake. Yanaletwa pia na uchache wa maji ya kunawia. Aliyebeba ndoo moja kutoka mbali atapika kwanza, atawanywesha watoto, na nyuso na mikono vitangoja. Kwa hiyo ndoo ya tatu, hata kama maji yake si safi sana, inaweza kuokoa macho ya mtoto. Jambo hilo halionekani kwa kupima maji ndani ya chupa maabara. Linaonekana kwa kukaa uani kwa watu na kuhesabu.

Kuanzia mwaka 1997 watafiti walifanya jambo la nadra: walirudi karibu sehemu zote zile zile. Kwa nyumba zisizo na bomba walikuta matumizi ya maji yamepanda kutoka kama lita 11 kwa mtu kwa siku hadi karibu 20. Hiyo ni habari njema. Ila kwa wenye bomba yalikuwa yameshuka kutoka kama lita 128 hadi 66! Miaka ya 1960 karibu nyumba zote zenye bomba zilipata maji saa 24. Waliporudi, ni zaidi kidogo ya nusu tu. Mitambo ilizeeka, miji ikafurika watu. Na wasio na bomba, ambao zamani walitumia kama dakika 28 kwa siku kuteka maji, sasa walitumia 92. Dakika hizo nyingi ni za foleni, na kwa sehemu kubwa wanaozikaa ni akina mama na mabinti.

Tukumbuke kwamba katikati ya miaka hiyo, mwaka 1971, serikali yetu ya Tanzania iliahidi kila kaya ya kijijini ipate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Ahadi ilikuwa ya dhati, na visima na mabomba mengi vilijengwa. Lakini katika hesabu za ofisini kisima kilichochimbwa ni kimoja, na kisima kilichokufa nacho bado ni kimoja, mpaka atokee mtu wa kwenda kutazama.

Anayedhani kuulizwa maswali ni fungu la maskini wa Afrika tu, na afungue bomba la jikoni mwake hapa hapa. Mwaka 1849 mhandisi Robert Rawlinson alitumwa kuikagua Birmingham, akaandika habari za visima vyake na nyua zake zilizobanana. Mwaka 1876 halmashauri, chini ya Joseph Chamberlain, ikainunua kampuni ya maji. Maji ya Bonde la Elan, Wales, yalifika mwaka 1904, yakishuka yenyewe bila pampu maili 73 kwa mteremko wa futi 171 tu. (Watu wa bonde lile walihamishwa kwa ajili yetu, na hilo nalo si la kusahau.) Toka ripoti hadi maji ya Elan ni miaka 55.

Kwa kisima chetu cha kwanza tunazo picha za siku ya uzinduzi, watu wamependeza, utepe unakatwa. Idadi ya ndoo za siku iliyofuata hatuna.

Basi pendekezo letu ni hili. Mdadisi awe kijana wa kijiji hicho hicho aliyemaliza sekondari, alipwe vizuri. Majibu yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajaletwa kwetu. Na fedha za kurudi kuhesabu tena baada ya miaka mitano zitengwe sasa, katika akaunti ambayo hata sisi wenyewe hatutaweza kuigusa kwa ajili ya utepe mwingine. Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu, na fomu za wasioweza kuhudhuria anazo katibu.