Nguo za Kupandia Milima ya Rwenzori

Mjini Kasese, magharibi ya Uganda, jua huchoma tangu asubuhi, na shati la pamba ndilo vazi la raha. Kutoka hapo milima ya Rwenzori huonekana kwa nadra, kwani mara nyingi imejitanda mawingu. Mgeni asiyeijua hudhani kuwa joto la mjini litamfuata hadi juu. Dhana hiyo imewaponza wengi.

Milima hiyo imesimama mpakani mwa Uganda na Kongo, karibu na mstari wa Ikweta. Kilele chake kirefu, Margherita, chenye mita 5,109, kilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia. Barafu aliyoikuta imepungua sana, lakini baridi na mvua hazijaondoka. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 za Sentigredi.

PAMBA NA JASHO

Safari huanzia Nyakalengija na kupita msituni hadi kibanda cha Nyabitaba, takriban mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Hapo mpandaji hutoka jasho jingi. Shati la pamba hulinywa jasho lote, hulishika, na kukawia kukauka. Huko bondeni, ubichi huo humburudisha mvaaji. Mlimani, upepo unapovuma, nguo iliyogandamana na ngozi hunyang'anya mwili joto lake. Suruali ya jinzi ni mbaya zaidi: ikilowa huwa nzito kama mzigo wa pili.

Kwa hiyo nguo ya ndani ifaayo ni ya poliesta au ya sufi nyepesi ya kondoo. Poliesta hainywi maji mengi, na hukauka upesi. Sufi hunywa maji, lakini hata ikiwa na unyevu huendelea kuhifadhi joto.

MATOPE YA BIGO

Mbele zaidi ni bwawa la Bigo, ambako mtu huruka kutoka kichuguu kimoja cha majani hadi kingine, na akikosea hutumbukia hadi magotini. Buti za ngozi hulemewa na maji. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo ambao huwaongoza wageni na kuwabebea mizigo, hupita hapo kwa gambuti, na wageni wenye busara huwaiga. Soksi ziwe za sufi. Koti la mvua liwe na nafasi ya kupitisha hewa, kwani lile la mpira lisilopumua humlowesha mvaaji kwa jasho lake mwenyewe.

JOZI MOJA KAVU

Katika kibanda cha Elena, kwenye mita 4,500 na zaidi, maji huganda usiku. Hapo ndipo sheria kuu ya mlima hupimwa: jozi moja ya nguo kavu hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni, nayo huvaliwa usiku tu. Alfajiri msafiri huivua na kurudia zile mbichi za jana. Ni jambo gumu, lakini anayeionea huruma ngozi yake asubuhi hukosa cha kuvaa jioni. Mtu aliyelowa akianza kutetemeka, kuropoka na kujikwaa, yuko katika hatari ya kufa, hata kama hakuna theluji. Avuliwe nguo mbichi mara moja, avikwe kavu na kufunikwa, kisha ateremshwe.

Tahadhari moja zaidi: nailoni na poliesta huyeyuka zikikaribia moto na kugandia ngozi. Zisianikwe juu ya makaa.

Anayetaka kuhakikisha ubora wa nguo zake hahitaji kungoja mlima. Na aloweshe fulana ya pamba, ya poliesta na ya sufi, azikamue, kisha azitundike kivulini. Baada ya saa chache mkono wake utamwambia ipi ibaki nyumbani.